Mhesabu Kama Mtoto

Mbwa wangu anaitwa Watasema. Jina hilo alipewa na marehemu mume wangu mwaka tulipohamia nyumba hii ya Same, upande wa mlimani wa barabara kuu, wakati ndugu wa ukoo walipokuwa wakinung'unika kwamba tumeacha shamba la Suji liote magugu ili tuje tukae na vumbi la tambarare. Kwetu mbwa ni gazeti la mwenye nyumba. Neno asiloweza kumwambia jirani usoni humwita nalo mbwa jioni, kwa sauti, geti likiwa wazi. Mtaani kwetu yuko Hayawahusu, alikuwepo Tumezoea, na kuna mmoja wa fundi cherehani aitwaye Lipa Kwanza. Paka wangu hana jina. Paka haitiki akiitwa, kwa hiyo hafai kwa ujumbe.

Nimefundisha hesabu kwa miaka 34, nimestaafu, ni mjane, na ni Msabato wa kizazi cha tatu. Wamisionari wa Kiadventista kutoka Ujerumani walifika Giti, Upare ya kusini, mwaka 1903, na babu yangu alikuwa mmoja wa watoto waliokaa kwenye mawe kuwasikiliza. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba nikizungumza juu ya mionzi, mbwa na Mungu, mimi si mtaalamu wa lolote kati ya hayo matatu. Ninachojua ni kuhesabu.

Mambo yalianzia shingoni. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na rovu kubwa, na sisi watoto tulidhani ni sehemu ya bibi kama pembe zilivyo sehemu ya ng'ombe. Milimani mvua huosha madini joto ardhini karne baada ya karne. Mahindi na maharage huota bila kuwa nayo ya kutosha, na tezi ya shingo, ambayo haiwezi kutengeneza homoni zake bila madini hayo, hutanuka ikijaribu kudaka kila chembe inayopita. Rovu ni njaa. Miaka ya 1980 wilaya zilizokuwa na rovu nyingi nchini zilianza kugawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, miaka ya 1990 ikaja sheria ya kuyatia kwenye chumvi, na leo ukimuuliza binti wa sekondari rovu ni nini atadhani unamtajia Landrova.

Langu halikuwa rovu. Lilikuwa saratani. Tezi ilitolewa yote kwa upasuaji, kisha nikapelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ili masalia yake yamalizwe kwa mionzi. Pale mbele kuna Bahari ya Hindi na nyuma kuna jengo la zamani la hospitali ya Wajerumani, la miaka ya 1890, ambamo daktari Robert Koch, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alipata kufanya utafiti. Niliangalia sana lile jengo kwa sababu sikutaka kuangalia kitu kingine.

Tiba yenyewe inashangaza kwa udogo wake. Ni kidonge na glasi ya maji. Ndani ya kidonge kuna iodini-131, yaani madini joto yaleyale aliyoyakosa bibi yangu, ila haya yana joto la kweli. Seli za tezi, pamoja na zile za saratani zilizojificha, haziwezi kutofautisha iodini ya chumvi na hii yenye mionzi. Wiki mbili kabla, mgonjwa huachishwa vyakula vyenye madini joto ili seli ziingiwe na uchu: nilikula makande yasiyo na chumvi, bila samaki wa baharini, bila mayai, bila maziwa. Kisha zinaandaliwa karamu. Zinameza, na zinaunguzwa kutoka ndani na miale ambayo nyamani haisafiri zaidi ya milimita moja au mbili. Daktari Saul Hertz wa Boston alimpa mgonjwa wa tezi tiba ya namna hii kwa mara ya kwanza mwaka 1941, na mpaka leo ujanja ni uleule: adui anauawa kwa njaa yake mwenyewe. Nilipoelezwa nilijisikia vibaya kidogo kwa niaba ya seli. Ndivyo nilivyo.

Ila iodini-131 hutoa pia mionzi ya aina nyingine, inayopenya nyama na mfupa na kutoka nje. Kwa siku kadhaa aliyeimeza anakuwa taa isiyoonekana. Tena dawa iliyozidi hutoka mwilini kwa mkojo kwanza, halafu kwa jasho na mate. Kila siku 8 nguvu ya iodini hiyo hupungua kwa nusu, na mwili usio na tezi huitoa haraka zaidi ya hapo. Kwa hiyo mgonjwa hukaa chumbani peke yake, anapimwa kwa kifaa kutoka mlangoni, na kiwango kikishuka vya kutosha anapewa maelekezo ya kwenda nayo nyumbani. Ulale peke yako. Ukae mita mbili kutoka kwa watu. Watoto na wajawazito usiwakaribie kabisa. Vyombo vyako vioshwe peke yake. Chooni umwage maji mara mbili. Kwa mtu aliyekulia Same, aliyebeba ndoo kichwani tangu ana miaka 7, kumwaga maji mara mbili ni jambo la kumwomba Mungu msamaha.

Nikauliza, "Na mbwa?"

Muuguzi alikuwa binti wa umri wa mwanangu. Alinyamaza kidogo. Nilidhani anajizuia kucheka, maana kwetu mtu mzima aliyetoka kutolewa saratani haulizi habari za mbwa.

"Unakaa naye ndani, mama?"

"Analala mlangoni kwangu. Paka ndiye hulala juu yangu, hapa shingoni."

"Basi paka mhamishe. Na mbwa naye mhesabu kama mtoto. Asikulambe, asilale na nguo zako, chakula ampe mtu mwingine."

Nimesikia mahubiri mengi maishani, mengine ya saa mbili. Hakuna lililonikaa kama neno hilo. Muuguzi hakusema mbwa ni mtoto, hakusema nimpende kama mtoto, hakuniingiza kwenye mambo ya roho. Alisema nimhesabu. Kwa mwalimu wa hesabu neno hilo si la mapambo. Unapohesabu unaamua kwanza nani yumo katika seti na nani hayumo, na ukishakosea hapo, kujumlisha kwako kote ni bure hata kama kila hatua ni sahihi.

Kaka yangu alinichukua kwa gari lake. Basi halikufaa, mtu hawezi kumkalisha abiria asiyejua kitu kando ya taa ile kwa zaidi ya kilomita 400. Nilikaa kiti cha nyuma, pembe ya mbali kabisa na dereva. Kila aliposimamisha gari aligeuka kuniuliza, "Dada, unataka kitu?" na mimi nikamwambia aangalie mbele. Hesabu ya umbali ni nzuri kuliko sala nyingine, Mungu anisamehe: umbali ukizidishwa mara mbili, mionzi inayokufikia inabaki robo. Ukizidishwa mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa. Nilikuwa nikiwafundisha watoto habari za miraba bila kujua kwamba siku moja nitapima nayo upendo wa ndugu.

Paka alichukuliwa na jirani yangu, mama wa Kiislamu kutoka Usangi. Nilikuwa nimefikiri kumfunga paka kamba kwenye chumba cha stoo. Jirani alinishangaa. "Mwalimu, paka hafungwi! Kuna mwanamke aliingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfunga, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Nipe mimi." Sikujua hadithi hiyo ya Mtume. Nilimpa paka na kilo mbili za dagaa wa ziwani.

Watasema alibaki. Kumpeleka Suji kwa kaka hakukuwezekana, kuna mbwa wengine watatu kule na yeye ana miaka 9, umri ambao mbwa hajifunzi tena kupigana. Mjukuu wa jirani, kijana wa kidato cha pili, alikubali kumlisha asubuhi na jioni nyuma ya nyumba na kumfunga kwenye banda usiku. Upande wa nyuma ukawa wao. Upande wa mbele, na chumba chenye mlango wake wa nje, ukawa wangu. Kijana alikuwa akisimama kwenye pembe ya ukuta na kupaza sauti, "Shikamoo bibi! Amekula!" Nami naitika kutoka ndani kama mzimu.

Nimefuga mbwa tangu utotoni na mara zote tumewafunga kwa sababu ya hatari iliyo ndani yao: kichaa, meno, wizi wa mayai. Sasa hatari ilikuwa mimi, na aliyefungwa alikuwa yeye. Mnyororo haukubadilika upande.

Siku ya tatu akajinasua bandani, sijui vipi. Nilifungua mlango alfajiri nikamkuta amelala kizingitini, na chini yake amejikunjia kanga yangu. Ile kanga niliyoivaa njiani, niliyolalia siku mbili, nikaitia kwenye ndoo yenye kifuniko ikisubiri kufuliwa peke yake. Aliangusha kifuniko, akachagua katika nguo zote ile yenye jasho langu jingi zaidi, akaweka kidevu chake pale hasa ambapo shingo yangu ilikuwa imelala.

Kilichomvuta ni harufu yangu, na harufu yangu ilikuwa imo ndani ya jasho lenye sumu. Nikiwa mzima, kitu salama kuliko vyote cha kumwachia mbwa unaposafiri ni nguo uliyoivaa. Wiki ile kilikuwa kitu kibaya kuliko vyote. Nilimfokea. Hakuondoka, alitikisa mkia kwa kuwa sauti yangu, hata ya ukali, ilikuwa sauti yangu. Nikachukua ufagio wa chelewa. Sikumpiga, ila niliuinua kama mtu anayepiga, na yeye alinielewa vizuri sana. Kijana alipokuja alimkuta chini ya mwarobaini, nami nikiwa mlangoni nalia, kanga ikiwa imening'inia kwenye mti wa ufagio kama bendera ya waliosalimu amri.

Siku hiyohiyo nilimwomba kijana apange mawe, mstari mmoja, mita mbili kutoka mlangoni. Tuliyapima kwa futi ya shule. Kila Watasema alipoyavuka nilimfokea na kuinua ufagio. Kwa siku nne. Alijifunza.

Sisi Wapare tunasemwa kwamba tunapenda kesi, kwamba Mpare atauza ng'ombe ili kupata nauli ya kwenda kushitaki kwa ajili ya kuku. Utani huo una ukweli wake. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani wakaja kupiga kambi hapahapa Same kupinga kodi ya mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa, kila mtu na kiwango chake, kwa namna wasiyoielewa. Waliona afadhali kodi moja kwa wote, hata kama itapanda, kuliko kiasi kinachoamuliwa kichwani mwa mtu mwingine. Bibi yangu yule wa rovu alikuwa akisema habari za mbiru kana kwamba ni jana, na kila mara alimalizia na jambo moja: fedha zilikuwepo, iliyokosekana ni sababu. Kwetu kumtwisha mtu mzigo bila kumpa sababu ni kumtukana, hata kama mzigo wenyewe ni wa haki.

Basi nilikaa chumbani nikaandaa kesi ya Watasema dhidi yangu, maana sikuwa na kazi nyingine. Mlalamikaji anadai kwamba ametumikia kizingiti hiki miaka 9 bila kosa, ameamka mara elfu tatu na zaidi kuangalia kama mlango utafunguliwa, na sasa amefukuzwa kwa ufagio. Hajaambiwa kosa lake. Mimi ninajibu kwamba nilifanya hivyo kwa ajili yake. Baraza linauliza: ulimwambia? Nilimwambia. Alielewa? Hakuelewa, na hata angekuwa mwerevu kuliko mbwa wote wa Upare asingeelewa, kwa kuwa hata mimi iodini-131 siioni, siinusi wala siisikii. Kwa upande wake, kulindwa na kutupwa havina tofauti yoyote. Ni tendo moja, ufagio mmoja. Tofauti imo ndani ya kichwa changu tu, na yeye hana mlango wa kuingilia humo.

Mchungaji alikuja kunitazama Sabato ya kwanza, akasimama ng'ambo ya mawe, kofia mkononi. Nilimsimulia habari za kanga. Alifikiri kidogo akasema, mwalimu, huoni kwamba ndivyo Mungu anavyotufanyia? Anajitenga, tunadhani ametuacha, kumbe ni usalama wetu. Ni mtu mwema na alikuwa amekuja kwa miguu juani. Nilishukuru. Usiku sikulala.

Kwanza niliona ameteleza. Mimi nilijitenga kwa sababu nilikuwa na sumu, na Mungu sitamwita hivyo. Lakini kitabu chenyewe kilinirudisha. Katika Kutoka sura ya 19, Mungu anaposhuka juu ya mlima Sinai, Musa anaagizwa aweke mpaka kuzunguka mlima, na atakayeugusa atakufa. Nimeisoma sura hiyo tangu shule ya Sabato ya watoto. Usiku ule niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona: agizo linasema awe mtu, awe mnyama. Mawe yangu ya mita mbili, basi, yana babu yao. Na mnyama amehesabiwa.

Amehesabiwa vipi, lakini? Musa aliwatangazia watu. Mbuzi hawakutangaziwa. Mbuzi wa Mwisraeli aliyeona majani mabichi mguuni mwa Sinai alijua nini juu ya utakatifu? Amehesabiwa katika adhabu, hakuhesabiwa katika tangazo. Nililiangalia jambo hilo mpaka taa ya sola ikazima, na jibu nililolipata si la kumtetea Mungu wala kumshitaki. Ni kwamba mpaka ule ulikuwa mzigo wa mwenye mbuzi. Yeye ndiye aliyesikia. Akimwona mbuzi wake anaelekea mlimani, amri yote, na radi na tarumbeta zake, iko mikononi mwake, kwenye kamba. Sababu isipoweza kupokewa na anayehusika nayo, haiishii hewani. Anabaki nayo yule aliyeielewa, na inambidi ailipe kwa kazi: kamba, mawe, dagaa, kijana wa kidato cha pili, maji ya ndoo mbili. Mchungaji sikumwambia haya. Angenipangia kuhubiri.

Nina rafiki aliyefundisha fizikia shule moja na mimi. Nilipompigia simu alicheka. "Mwalimu, mbwa wa miaka 9 ana miaka 20 ya kungoja saratani? Hatari kwa mbwa ni ndogo sana. Wanakuambia umwepuke kwa sababu anaweza kubeba mate na jasho lako akawapelekea watoto wa jirani." Ni kweli, na hesabu yake ni safi. Ila nilihisi kwamba ameniondolea mbwa kwenye seti bila kuniuliza.

Kwani hapo kuna sababu mbili, na hazifanani. Ya kwanza: usimguse mbwa, kwa kuwa mbwa ataguswa na mtoto. Humo mbwa ni kama mpini wa mlango, au kikombe. Ya pili: usimguse mbwa, kwa kuwa ni mbwa. Mjerumani Immanuel Kant alishikilia ile ya kwanza. Alifundisha kwamba wajibu wetu kwa wanyama kwa kweli ni wajibu wetu kwa binadamu: anayempiga risasi mbwa aliyemtumikia hamkosei mbwa, anaufanya moyo wake uwe mgumu, na kesho utakuwa mgumu kwa watu. Wataalamu wa mionzi nao walipita njia hiyohiyo. Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi iliandika kwamba viwango vinavyomlinda binadamu huenda vinatosha kuwalinda viumbe wengine. Mlinde mtu, wengine watalindika kivulini mwake. Ilichukua miaka 30. Mwaka 2007 tume hiyo ilikubali kwamba viumbe wengine wafikiriwe kwa ajili yao wenyewe, na mwaka 2008 ikatoa orodha ya viumbe 12 wa kupimia: paa, panya, bata, chura, samaki wawili, nyuki, kaa, mnyoo, msonobari, nyasi na mwani. Mbwa hayumo. Hata hivyo niliisoma orodha ile kama mtu anayesoma majina ya waliofaulu. Mnyoo yumo!

Anayedhani kwamba kivuli cha binadamu kinatosha aulize Pripyat. Tarehe 27 Aprili 1986, siku moja baada ya mtambo wa Chernobyl kulipuka, watu wa mji ule walipakiwa kwenye mabasi wakaambiwa watarudi baada ya siku chache. Mbwa na paka waliachwa. Katika vumbi la mlipuko ilikuwemo iodini-131, hii hii niliyopewa mimi kwenye kidonge. Iliangukia majani, ng'ombe wakayala, watoto wakanywa maziwa, na miaka iliyofuata maelfu yao wakaugua saratani ya tezi. Watu hawakurudi. Baadaye walitumwa wawindaji kuwapiga risasi mbwa waliobaki, ambao, nafikiri, kwa kuwa ni mbwa, wengine walitoka mbio kuwapokea. Simlaumu mtu wa basini. Siku chache ni siku chache, hata mimi ningeacha bakuli la maji na kufunga mlango. Ninachosema ni kwamba aliyetunga tangazo alikuwa na seti yake, na seti ilikuwa ndogo.

Jirani yangu wa Usangi alikuwa akiketi kwenye stuli ng'ambo ya mawe kila jioni, paka wangu akiwa amelala mapajani mwake bila aibu yoyote. Nilimweleza kesi yangu. Akanisimulia habari za Watu wa Pangoni, wale vijana walioikimbia dhuluma wakalala pangoni miaka zaidi ya 300, na mbwa wao amenyoosha miguu ya mbele kizingitini. "Na Kurani inapotaja watu wanavyobishana walikuwa wangapi," akasema, "kila hesabu inayotajwa, mbwa yumo. Watatu, wa nne mbwa wao. Watano, wa sita mbwa wao. Saba, wa nane mbwa wao. Idadi yao hasa aijua Mwenyezi Mungu." Nilimwomba arudie. Idadi ya watu inabishaniwa, ya mbwa haibishaniwi.

Kwa upande wangu nilikuwa na amri ya nne, ambayo Msabato huijua kabla hajajua kufunga viatu. Orodha ya wanaopumzika siku ya saba inataja mwana, binti, mtumwa, mjakazi, mifugo na mgeni. Punda hajui kwamba ni Sabato. Hapumziki kwa imani. Anapumzika kwa sababu kuna mtu amemhesabu. Na kitabu cha Yona, ambacho watoto hufundishwa kana kwamba ni habari ya samaki, kinaishia kwa Mungu kumuuliza nabii kama asiuhurumie mji wa Ninawi wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi. Kinaishia hapo, kwenye wanyama, katikati ya swali. Nilikuwa nikidhani ukurasa umepotea.

Nikamkumbuka pia Lazaro wa kwenye Luka, aliyelazwa mlangoni kwa tajiri, mbwa wakaja kulamba vidonda vyake. Wahubiri wetu huwatumia mbwa wale kuonyesha alivyoshuka chini kabisa. Siku hizi nasoma kwamba katika mtaa mzima ni wao tu waliomsogelea. Na kwamba Watasema angenilamba usiku na mchana kama si ufagio.

Sabato ya pili kipindi changu kiliisha. Paka alirudi kabla hajaitwa, akapanda kitandani, akajilaza shingoni kwenye kovu kana kwamba alikuwa ametoka kunywa maji tu. Nguo zilifuliwa zikaanikwa. Kijana alikuja ndani kwa mara ya kwanza akala wali na maharage, akaniuliza kama bado ninawaka. Nikamwambia zima taa uone.

Watasema nilimwita mwenyewe, kwa jina lake lote, geti likiwa wazi. Alikuja mbio mpaka kwenye mawe akasimama. Nikapiga magoti, nikamwita tena. Akalala chini, kidevu juu ya jiwe la katikati, akatikisa mkia.

Jioni ile kijana aliyabeba mawe yote akaenda kuyazungushia mche wa mpapai. Imepita miezi mitano. Watasema hula mkononi mwangu tukiwa nyuma ya nyumba, na nikienda dukani hunifuata kisigino kwa kisigino. Usiku anakuja mbele, anageuka mara mbili tatu, anajilaza. Nimempima kwa futi ileile ya shule. Ni mita mbili, pungufu ya sentimita nane.